Pampu ya Mkwe

Kwa miaka mingi Rotich alikuwa mtu wa josho. Ndiye aliyesimama ukingoni na kijiti kirefu, akizamisha vichwa vya ng'ombe kwenye maji ya dawa ili hata kupe wa masikioni wasipone. Watu wa upande ule wa Kitale walimwita Daktari. Wachache walimwita hivyo kwa heshima, na waliobaki kwa sababu walikuwa wamegundua kwamba ukimwita Daktari anakununulia chai. Josho lilipofungwa kwa kukosa dawa na kukosa kamati ya kuitafuta, Rotich alirudi nyumbani na pampu ya mgongoni, debe la dawa lililokuwa limebaki, na imani moja iliyomkaa rohoni kuliko ubatizo: kila kinachotambaa kina dawa yake, na kama hakijafa, dawa haijatosha. Mwishoni mwa mwaka wa themanini na nane, mvua zilipokwisha, akaamua kulima nyanya.

Mkewe Nekoye alikuwa Mbukusu wa Myanga, kule Bungoma. Siku ya kupeleka mahari, wajomba wa Nekoye walimtazama huyu Mnandi kutoka juu hadi chini, wakaguna, wakasema watu wa kwao hawajui kuheshimu wakwe. Maneno yale yalimchoma Rotich na hayakutoka tena. Kwa Wabukusu mwanamume hamkaribii mama mkwe wake. Hamshiki mkono, hali naye, haingii nyumbani kwake, na wakikutana njiani mmoja humpisha mwenzake. Watu wenye akili zao hupisha hatua chache, wakasalimiana kwa mbali, wakaendelea na safari. Rotich aliruka vichakani. Aliruka kwenye miiba, aliruka kwenye matope, na mara moja aliruka mtoni akiwa na pampu mgongoni, akakaa humo maji yakimfika kifuani mpaka mama mkwe alipopita na kikapu chake cha mboga. Wabukusu wenyewe walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye alijiona amewaonyesha wale wajomba.

Lililozidisha shughuli ni kwamba mama mkwe hakuwa mbali. Alipofiwa na mumewe alikataa kukaa Myanga akingojea wakaza wanawe wamgawie ugali, akaja kukodi kipande cha shamba kilichopakana na cha Rotich. Akajengewa kijumba cha udongo hapo, na kati ya mashamba mawili pakawa na ua wa vichaka tu. Hakuja kumchunga mkwe, alikuja kwa ajili ya Nekoye. Mimba mbili za Nekoye zilikuwa zimeharibika, na sasa alikuwa na ya tatu. Kila asubuhi na kila jioni alivuka ua akaingia kwa mama yake, akalala kwenye mkeka, yule mama akampapasa tumbo kwa mikono yake migumu na kumwambia mtoto amekaa vipi leo. Nekoye aliamini mikono ile kuliko kliniki. Mwezi ule ambao mimba zote mbili zilitoka ulikuwa umepita, na mtoto bado alikuwa akicheza tumboni.

Ila kaka zake Nekoye hawakupenda. Mama mjane mwenye wana wazima, kukodi shamba ugenini? Watu watasema nini? Baada ya kelele nyingi wakakubaliana kwamba akae mpaka nyanya za kiangazi zivunwe. Zikimlisha, abaki. Zisipomlisha, watakuja kumchukua, na hapo hakuna tena maneno. Nekoye alimweleza mumewe jambo hili bila kuzungusha.

"Rotich, mimi siombi kitu ingine. Nyanya ya mama ikubali tu, akae hapa mpaka nijifungue."

"Si mimi niko?" Rotich akajibu. "Mdudu akipita hapa, nitakuwa nimekufa mimi."

Akaanza kazi siku ileile. Nyanya zake zilikuwa changa na nzuri, mistari imenyooka, hakuna hata jani la magugu. Alipoinama kuzikagua akaona chini ya majani vidudu vidogo vyeusi vyenye mgongo wa mviringo, buibui wawili watatu, na vitu vingine vidogo zaidi vilivyokuwa vikikimbia huku na huko kama watu waliochelewa kanisani. Rotich hakuuliza vinakula nini. Vilikuwa vinatambaa, basi. Akavaa koti lake la josho, buti za mpira na kitambaa puani, akazinyunyizia nyanya dawa kabla hazijaugua, kama mzazi anayempiga mtoto mapema ili asije akakosa. Asubuhi yake alipokuta vidudu vimelala chali ardhini, alimwita Nekoye aje kuona. Akavionyesha kwa kijiti, kimoja kimoja, kwa furaha ya mtu aliyepata watoto pacha.

Upande wa pili wa ua, shamba la mama mkwe lilikuwa aibu tupu. Nyanya zilichanganyika na kunde, kunde na mnavu, mnavu na magugu ambayo hakuna aliyejua majina yake. Utando wa buibui ulining'inia kila mahali. Mama mkwe hakunyunyiza dawa, na msidhani ni kwa sababu alijua kitu. Hakujua lolote kuhusu wadudu na hakutaka kujua. Hakunyunyiza kwa sababu dawa ilimpa kichefuchefu na pampu ilimwumiza mgongo, na kwa sababu wakati wa kupalilia alipenda kukaa kivulini na kuongea na mbuzi wake. Rotich alikuwa tayari kumsaidia, lakini mkwe ataingiaje katika shamba la mama mkwe naye yumo ndani? Na yule mama hakutoka humo tangu kunapokucha mpaka jua kuzama.

Kwa vile hangeweza kumsemesha mkwe wake, alimsemesha mbuzi, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani.

"Wee mbuzi, unasikia hiyo harufu? Kuna mtu anapika nyanya zikiwa bado shambani."

Rotich naye alijibu akiwa ameupa ua mgongo, akimwambia Nekoye hata kama Nekoye hayupo. "Nekoye, mwambie mama kwa heshima, usafi ni usafi."

Kiangazi kikakaza. Majani ya nyanya za Rotich yakaanza kupata madoa ya manjano, madogo kama yaliyotobolewa kwa sindano. Ukigeuza jani ulikuta vumbi jekundu, na ukilitazama vizuri vumbi lile lilikuwa linatembea polepole. Ulikuwa utitiri. Rotich hakushtuka. Alipanda baiskeli mpaka mjini, kwenye duka la dawa za mimea la Hamdun, karibu na msikiti.

Hamdun alikuwa mtu mpole mwenye ndevu nadhifu na rafu iliyojaa chupa. Hakuwa mwongo. Aliamini kila kilichoandikwa kwenye chupa zake, hasa zilizochelewa kununuliwa.

"Karibu, Daktari. Wadudu tena?"

"Utitiri."

"Basi chukua hii. Hii ukinyunyiza leo, kesho unakuja kunishukuru."

Rotich akanyunyiza. Kesho yake hakwenda kumshukuru mtu, kwa sababu buibui wachache waliokuwa wamerudi walikufa wote, na utitiri ukabaki palepale ukiendelea kula. Baada ya wiki ulikuwa umezidi. Akarudi kwa Hamdun akapewa kali zaidi. Utitiri ukazidi zaidi. Ilikuwa ni kama anaumwagilia maji. Ulikuwa na nafasi, ulikuwa na chakula, na hapakuwa na adui hata mmoja aliyebaki hai wa kuusumbua. Ukaanza kusuka nyuzi zake laini kutoka jani hadi jani mpaka vilele vya nyanya vikaonekana vimevishwa shela la bibi harusi. Rotich aliiona ile ni dharau ya waziwazi.

Ndipo alipokumbuka debe la josho. Ndugu zangu, mtu akikaa na debe la josho nyumbani, siku moja atapata sababu ya kulifungua. Rotich alihesabu miguu ya utitiri kwa kuuweka juani kwenye kucha yake, akamtangazia Nekoye matokeo yake jikoni.

"Miguu nane. Kupe pia ni nane. Hawa ni watu wa boma moja. Dawa ya kupe ni gani?"

"Rotich, nyanya si ng'ombe," Nekoye alisema akikoroga ugali.

"Wewe hujui mambo ya josho."

"Na wewe hujui mambo ya nyanya, ati."

Alinyunyiza dawa ya josho. Alichanganya na sabuni ya unga ili ishike, na akaongeza mabaki ya chupa zote za Hamdun kwa sababu aliona si vizuri kutupa. Harufu ilivuka ua, mbuzi wa mama mkwe akapiga chafya mchana kutwa, na majani ya nyanya yakaungua pembeni kama karatasi iliyokaribia moto. Utitiri mwingi ulikufa, hilo tumpe haki yake. Lakini ule uliokuwa umejificha ndani ya nyuzi ulipona, mayai yakapona, na kabla ya soko la wiki iliyofuata shamba likawa jekundu upya.

Nekoye alikuwa amechoka kusema, akaenda kumtafuta Wacera. Wacera alikuwa afisa wa kilimo wa tarafa. Watu walimwita bwana shamba ingawa alikuwa mwanamke, kwa kuwa hawakuwa wamepata jina lingine na yeye alishaacha kuwarekebisha. Alikuja na pikipiki yake ya serikali, buti zimejaa vumbi, na kioo cha kukuzia kikining'inia shingoni. Alitembea katika shamba la Rotich akitikisa kichwa. Kisha akavuka ua, akamsalimia mama mkwe, akachuma jani moja la nyanya zake, akarudi nalo. Rotich alikuwa amekwisha kujificha nyuma ya mgomba kwa heshima.

"Toka huko bana, mama ameenda kwa mbuzi yake. Kuja uone," Wacera akamwita. Akashika kioo juu ya jani. "Hii nono imekaa tu, ina doa mbili kwa mgongo, huyo ndiye utitiri wako. Sasa ona hii ingine, inang'aa, inakimbia kimbia. Umeiona? Hiyo inakula utitiri. Na haka keusi ka mviringo, hata hako kanakula utitiri. Huku kwa mama wako wengi. Ndio unaona nyanya yake bado ni kijani."

Rotich alitazama kwa muda mrefu, jicho moja limefungwa, mdomo wazi. Kidudu kinachong'aa kilikuwa kimemkamata mwenzake na kumfyonza bila haraka. Wacera alifurahi kuona mkulima ameguswa na maajabu ya Mungu.

"Na hii ya kukimbia," Rotich akauliza mwishowe, "dawa yake ni gani?"

Wacera alishusha kioo.

"Dawa yake si ndio umekuwa ukinyunyiza, mzee. Umeua hawa wote. Umebaki na utitiri peke yake, na yeye dawa amezoea. Sasa sikia: weka pampu chini kabisa. Haya majani yamekufa ng'oa uchome. Yenye imebaki osha na maji ya kawaida, kila siku, upande wa chini. Na huo ua na shamba ya mama usiguse. Watoto wa hawa wataingia kwako wenyewe, pole pole. Kwako nyanya ya msimu huu imeenda, sitakudanganya. Ya mama ndio itaokoa hii boma."

"Kwa hivyo hata kwa mama utitiri uko?"

"Uko, lakini kidogo. Lazima uweko kidogo, hawa wengine wale nini?"

Ni maneno ya Kiswahili mepesi, na mtu yeyote angeyaelewa. Nekoye aliyaelewa akiwa amesimama pale, mkono kiunoni, na moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kianze. Rotich naye aliyasikia yote, neno kwa neno. Lakini kichwa cha mtu wa josho kina mlango mwembamba. Neno lililopita pale ni moja tu: kwa mama utitiri uko.

Halikumwacha tena. Aliamka nalo, akanywa nalo chai. Shamba lake lilikuwa limekwisha, yeye mwenyewe aliona. Lakini lile la mama mkwe, tegemeo la Nekoye, lile ambalo mtoto wake alilitegemea ili azaliwe salama, lilikuwa na utitiri ndani yake sasa hivi, na serikali ilikuwa imesema liachwe hivyohivyo! Hapo alipoona hatari, ndipo alipoona pia nafasi. Angeliokoa. Wajomba wa Myanga wangesikia kwamba Mnandi ndiye aliyemwokoa dada yao. Tusimwonee Rotich: katika yote aliyofanya msimu ule, hili ndilo alilolifanya kwa upendo.

Bahati mbaya ikampa mlango. Shemeji yake mama mkwe alifariki huko Kibabii, na ilibidi mama aende matanga. Alipoondoka alimshika Nekoye mikono yote miwili.

"Usinyanyue maji. Usiiname. Hii nyanya inajua kazi yake, wewe iangalie tu kwa macho. Matanga ikiisha nakuja, tunachuma na wewe."

Nekoye alimweleza Rotich mara mbili, jioni na asubuhi. "Shamba ya mama usiguse. Umesikia?" Rotich akasema amesikia. Na siku ya kliniki ilipofika, Nekoye alipotoka kwenda mjini na kadi yake mfukoni, Rotich alivaa koti la josho.

Kwa mara ya kwanza alipita ule ua wima, bila kuinama wala kuruka. Mbuzi alikuwa amefungwa kwa jirani. Rotich alizunguka kile kijumba kwa mbali, macho chini, kwa sababu mkwe hatazami mlango wa mama mkwe hata akiwa hayupo. Kisha akaingia kazini. Alinyunyiza nyanya, akanyunyiza kunde, akanyunyiza mnavu na magugu yote yasiyo na majina. Aligeuza majani akanyunyiza chini kama Wacera alivyosema yaoshwe. Utando wa buibui aliubomoa kwa kijiti chake cha josho. Aliporidhika akanyunyiza na ule ua wenyewe, pande zote, kuanzia mtoni mpaka barabarani, hadi debe likabaki tupu na pampu ikatoa povu la mwisho. Hakuacha hata kona moja. Katika josho, kupe mmoja akipona umefanya kazi bure.

Nekoye alinusa kabla hajafika. Aliacha njia, akapita moja kwa moja kwenye shamba la mama yake, akageuza jani, akageuza la pili. Chini ya majani palikuwa safi. Hakukuwa na kitu kinachokimbia. Vidudu vyeusi vilikuwa vimelala chali kwenye udongo, miguu juu, kama vile alivyoonyeshwa mwanzoni mwa msimu. Rotich alikuwa amesimama hatua chache nyuma yake, amevua kitambaa puani, akingoja asante.

"Umeona?" akasema. "Hata mmoja hakuna."

Nekoye alikaa chini palepale kati ya mistari, miguu ameinyoosha mbele, mkono juu ya tumbo. Rotich alidhani ni uchovu wa safari, akaenda kumletea maji.

Kwa siku chache shamba la mama mkwe lilipendeza kweli. Rotich aliwaleta majirani walitazame. Hata alimtumia mama mkwe salamu Kibabii kupitia kwa kondakta wa basi, kwamba asihangaike, kila kitu kimeshughulikiwa. Sijui yule mama alizipokea vipi salamu zile. Kondakta alisema aliuliza mara tatu, "Kimeshughulikiwa na nani?"

Halafu upepo wa mchana ukafanya kazi yake. Utitiri hauna mabawa, lakini chakula kikikauka hupanda kileleni mwa mmea, ukaachia uzi na kuchukuliwa na upepo popote unapokwenda. Shamba la Rotich lilikuwa limekauka. Upepo ulikuwa ukivuma kuelekea kwa mama mkwe. Ule ua uliokuwa umejaa vitu vya kuungoja na kuula ulikuwa mtupu, na majani upande wa pili yalikuwa mabichi, matamu, bila mlinzi. Madoa ya manjano yakatokea Jumatatu. Kabla mwezi haujaandama, shela lilikuwa limefunika kila kilele. Nekoye aliosha majani kwa maji, jani kwa jani, akiinama kama alivyokatazwa kuinama, mpaka mgongo ukamgomea. Rotich alipotaka kumsaidia alimwambia akae mbali, na alilisema hilo kwa upole uliomtisha Rotich kuliko matusi. Pampu ilikuwa imelala nyuma ya choo. Hakuna aliyeigusa.

Mama mkwe alirudi siku moja kabla ya ile aliyokuwa amepanga na mnunuzi wa Bungoma aje kuchukua nyanya. Rotich alimwona kwa mbali akashuka mtaroni kama kawaida yake, akangoja kusikia ataambiwa nini kupitia kwa mbuzi. Hakusikia neno. Mama mkwe alitembea mstari mzima wa nyanya zake, akavunja tawi moja likakatika kavu, akaingia ndani. Mbuzi alilia akitaka kuongeleshwa, na hakuongeleshwa.

Kesho yake gari dogo la mizigo la Madanlal liliingia kutoka Bungoma. Madanlal alikuwa na duka la mboga kule mjini na aliwauzia shule za bweni. Alikuwa amekuja na makreti matupu nyuma, na mbele, kando yake, kaka mkubwa wa Nekoye, aliyeomba lifti. Madanlal alishuka, akatazama shamba moja, akatazama la pili, akavua miwani na kuifuta.

"Mama, pole sana," alimwambia mama mkwe. "Mimi hii siwezi kuchukua. Nyanya iko kama gololi, na iko na ngozi ya mzee kama mimi."

"Si makosa yako, Madanlal," mama akasema.

Kaka wa Nekoye hakugomba. Hakuhitaji, makubaliano yalikuwa makubaliano. Aliyashusha makreti, akaingia kijumbani, akaanza kutoa vitu: godoro, sufuria, mkeka uleule. Gari lililokuja kuchukua nyanya likapakia kitanda cha mama. Nekoye alisimama akiwa ameshika ukingo wa gari, tumbo mbele yake. Mama yake alimpapasa kwa mara ya mwisho pale pale hadharani, juu ya nguo, mbele ya Madanlal aliyegeuka upande akatazama milima. Alimwambia mtoto amegeuka vizuri. Kisha alimwambia mambo mengine kwa Kibukusu, kwa haraka, yale ambayo mama humwambia binti akijua hatakuwapo siku yenyewe. Kaka alisema njia ni mbaya, waondoke.

Rotich aliyaona yote kupitia kwenye ua. Ua wenyewe ulikuwa umenyauka, haukumficha tena vizuri. Alikuwa na maneno, safari hii yalikuwa maneno ya kweli, lakini mkwe hamsogelei mama mkwe wake kumwaga maneno, na mtu pekee wa kumfikishia alikuwa mkewe.

"Nekoye," aliita kwa sauti ya chini. "Nekoye, mwambie mama..."

Nekoye hakugeuka. Gari likawaka, likarudi nyuma, likashika njia ya Bungoma na mbuzi akiwa amefungwa juu ya godoro. Mama mkwe alikuwa ametazama mbele. Vumbi lilipotulia, Nekoye aliukata uwanja polepole, akaingia katika kijumba kitupu cha mama yake, akafunga mlango kwa ndani.

Rotich alipita ule ua mbio mpaka mlangoni. Alinyanyua mkono kubisha, mkono ukabaki hewani. Mkwe haingii nyumba ya mama mkwe wake. Alitazama kushoto na kulia. Hapakuwa na Mbukusu hata mmoja wa kumwona, hapakuwa na mjomba wa kuguna, hata mbuzi hakuwapo. Ndani alimsikia mkewe akilia, kilio cha chini chini cha mtu aliyelala sakafuni pasipo na mkeka. Akashusha mkono. Akarudi nyuma mpaka pale ambapo heshima huruhusu mkwe kusimama, akasimama hapo.